Naomba ushauri: seva ya duka ikifa leo, kesho tunauzaje?

BintiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Natunza hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Tuna matawi Muheza na Korogwe, yote yanaingia kwenye seva yetu kwa intaneti. Mauzo, stoo, na zaidi ya yote madeni ya mafundi na wakandarasi, vyote vimo kwenye mashine moja. Iko sakafuni nyuma ya kaunta. Ukifungua mfuniko unakuta feni imegandwa na vumbi la saruji, na masika maji yanafika mpaka mlangoni.

Bosi anasema tuna diski ya nje, imechomekwa palepale, kila usiku inanakili yenyewe, basi yatosha. Roho yangu haijatulia. Duka la jirani limepigwa shoti majuzi, kompyuta na diski vimeungua pamoja, na sasa hawajui wanamdai nani. Nataka nimpelekee bosi mpango wa maandishi, wa gharama anayoweza kuikubali. Nianzie wapi? Familia nyingi zinakula kupitia duka hili.

FundiSeva
Dada, usianzie kwenye vifaa. Mkalishe bosi umuulize mambo mawili, na majibu uyaandike. Mfumo ukizima, duka linaweza kuuza kwa daftari kwa muda gani kabla mambo hayajaharibika? Na mashine ikifa saa kumi jioni, yuko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi? Akisema nusu siku, basi nakala ya usiku peke yake haitoshi, ichukuliwe na nyingine saa saba mchana. Hayo majibu ndiyo yatakayokuonyesha cha kununua.

Kanuni tunayoifuata mafundi ni nakala 3, ukihesabu na ile mnayoifanyia kazi, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Diski inayoshinda imechomekwa kwenye seva haina kinga. Shoti inaipata, mwizi anaibeba, na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha vinaifunga nayo.

WaBandarini
Hapo kwenye virusi naongezea, maana sisi mawakala wa forodha lile la Maersk hatujalisahau. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia kwenye mtandao wa kampuni ile ya meli, ikabidi wasimike upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Mashine zilizotunza orodha ya watumiaji wao na ruhusa zao zilifutika duniani kote, ikabaki moja tu Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kule, kwa hiyo mashine ile haikuwa mtandaoni. Kampuni kubwa kiasi kile ikaanza kujijenga upya kutokea hapo.

Kwa hiyo dada, muwe na diski mbili za kupokezana. Moja iwe kazini, nyingine imechomolewa na iko tawi la Korogwe. Gari la mzigo likienda, zibadilishwe. Gharama yake ni diski moja ya ziada tu.

BintiNgamiani
Nashukuru sana. Mtoto wa bosi yeye anataka tuhamishie kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi za mtandaoni. Mnaonaje?

FundiSeva
Kwa nakala ya nje ni jambo jema, na programu nyingi zinapandisha yale yaliyobadilika tu, kwa hiyo bando haliishi ovyo. Ila msilitegemee peke yake. Mei 12, 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima. Siku kama hiyo diski iliyoko mkononi ndiyo itakayowauzia.

MkaguziPwani
Mbona hakuna aliyegusa kurejesha? Mimi nakagua hesabu, na ofisi zenye nakala nakutana nazo nyingi, ila zilizowahi kuijaribu nakala hiyo ni za kutafuta. Hata GitLab, kampuni ya wataalamu watupu, Januari 31, 2017 mhandisi wao alifuta hifadhidata kwa bahati mbaya, wakagundua nakala walizozitegemea hazifanyi kazi. Iliyowaokoa ilikuwa ya saa 6 nyuma.

Chukua laptopu ambayo haijawahi kuwa na programu yenu. Isimike, pakia nakala ya jana, fungua deni la mkandarasi mmoja ulifananishe na karatasi, kisha uchape ankara. Tazama saa imekwenda kiasi gani. Hapo ndipo utakapojua kama namba ya leseni mnayo au imebaki kwa fundi aliyewasimikia. Na nakala ichukuliwe kwa amri ya programu yenyewe. Ukiburuta folda huku Muheza wako ndani wanauza, faili linaweza kutoka limeharibika, na hutajua mpaka siku ya shida.

Mwambie bosi pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ina kumbukumbu yake ya mauzo, lakini daftari la madeni haina.

Chumbageni21
Seva iinueni kwenye meza, mbali na saruji. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, nayo muiunge kwa waya wa USB ili umeme ukikatika iizime seva taratibu yenyewe, maana betri inawapa dakika tu.

BintiNgamiani
Laptopu ya majaribio ipo, nitaanza nayo. Ila diski ya Korogwe ina majina na namba za simu za wateja. Ikipotea njiani je?

MkaguziPwani
Ifungeni kwa nywila kabla haijapanda gari, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nywila iandikwe kwenye karatasi mbili, kila moja kwenye bahasha iliyofungwa. Moja kwenye sefu ya bosi, nyingine kwa msimamizi wa Muheza, si Korogwe iliko diski. Na mpango wenyewe uuchape, pamoja na namba ya fundi na orodha ya bei, maana seva ikilala hutaweza kuufungua humo ndani.