Jumba Bovu la Detroit Wanaangushiwa Wasiolijenga

Ndugu wachangiaji, tunajadili nani alaumiwe kwa kuporomoka kwa kampuni kubwa za magari za Marekani, zile za Detroit, ambako kilele chake kilikuwa mwaka 2009, Chrysler na General Motors zilipokwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, yaani kulindwa dhidi ya wanaozidai. Jibu linalorudiwa zaidi, na ambalo ndugu mmoja ameliandika hapa, ni kwamba chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilidai mishahara na marupurupu hadi kikamchinja ng'ombe kiliyekuwa kikimkama. Nalipinga jibu hilo, kwa sababu limekwisha kupimwa katika kiwanda kimoja cha California, na halikusimama.

Kiwanda hicho ni cha Fremont. General Motors ilikifunga mwaka 1982, kikiwa kati ya viwanda vyake vyenye sifa mbaya kabisa. Zipo siku ambazo mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuonekana kazini, pombe ilinyweka zamu ikiendelea, na malalamiko dhidi ya wasimamizi yalirundikana kwa maelfu bila kusikilizwa. Amri iliyozipita amri zote ilikuwa kwamba mstari wa kuunganishia magari usisimame. Gari likimfikia fundi likiwa na boliti iliyokosekana au kipande kisicho chake, aliliacha lipite hivyo hivyo mpaka uwanjani, na huko watu wengine wakalifungua na kulirekebisha upya kwa gharama ambayo hakuna aliyetaka kuihesabu. Funika kombe mwanaharamu apite. Ndivyo magari yalivyoundwa, na fundi aliyeijua kazi yake alifundishwa kila siku kwamba ujuzi wake hauna maana.

Mwaka 1984 kiwanda kilifunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota uliopewa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama kilikuwa kile kile, UAW. Kilichobadilika ni uongozi na utaratibu wa kazi, ambavyo sasa vilikuwa mikononi mwa Toyota. Mamia ya wafanyakazi walipelekwa Japani kujifunza, na waliporudi walikuta kamba imepita juu ya mstari, kila mmoja akiweza kuifikia kwa mkono wake. Aliyeona hitilafu aliivuta, taa ikawaka, kiongozi wa kikundi chake akaja wakasaidiana, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliowekwa mstari ukasimama. Mtu ambaye miaka yote alikatazwa kuusimamisha mstari sasa alikabidhiwa kamba ya kuusimamishia. Haikupita miaka mingi kabla ya magari ya Fremont kukaribia kwa ubora yale yaliyoundwa na Toyota kwao Japani, na utoro kazini ukapungua mno.

Hapa ndipo lawama yangu inapoelekea. Somo lilikuwa ndani ya nyumba yao wenyewe, nao wakuu wa General Motors walichukua miaka mingi kulieneza katika viwanda vingine. Roger Smith, aliyeiongoza kampuni kuanzia 1981 hadi 1990, aliona tiba iko kwenye mashine, akamwaga mabilioni ya dola kwenye roboti na viwanda vipya, na juu yake akanunua kampuni ya kompyuta ya EDS mwaka 1984 na ile ya Hughes Aircraft, ya satelaiti na zana za kijeshi, mwaka 1985. Fedha haikuwa tatizo. Kilichowashinda ni kukiri kwamba anayeshika spana anaweza kujua jambo ambalo mkurugenzi halijui.

Sisemi kwamba chama hakina kosa. Utaratibu ulioanza miaka ya 1980 wa kumlipa sehemu kubwa ya mshahara mtu ambaye kazi yake imeondolewa, wakati mwingine akishinda chumbani bila shughuli, haukuweza kutetewa mbele ya mlipa kodi, na UAW ilipaswa kuuacha mapema. Lakini mzigo mkubwa zaidi, yaani pensheni na matibabu ya wastaafu, mizizi yake ni mkataba wa mwaka 1950, ambao kampuni iliusaini kwa hiari ili ipate miaka mitano bila migomo. Walter Reuther, kiongozi wa UAW wakati ule, alitaka taifa zima liwe na bima ya afya. Taifa halikuwa nayo, kampuni zikaibeba gharama hiyo, na wastaafu walipokuja kuwa wengi kuliko walioko kazini, kila gari lililotoka kiwandani likawa limebeba dawa za wazee. Kampuni za Kijapani hazikuwa na mzigo wa namna hiyo.

Serikali nayo ina sehemu yake, ingawa ni ndogo. Ushuru wa asilimia 25 uliowekwa mwaka 1964 kwa magari madogo ya mizigo kutoka nje uliwapa Detroit kichaka cha kujificha. Wakayategemea mapikapu na magari makubwa ya familia, na magari madogo yakabaki kazi ya kutimiza wajibu tu, hadi galoni ya petroli ilipopita dola 4 katikati ya 2008.

Ndugu aliyeandika kwamba UAW peke yake inatosha kuueleza msiba huu, naomba anijibu mambo mawili. Kwanza, Ford, kampuni nyingine kubwa ya magari ya Detroit, ilikuwa na chama hicho hicho na mikataba inayofanana, ila uongozi wake uliweka rehani karibu kila ilichomiliki mwaka 2006 na kukopa zaidi ya dola bilioni 20 kabla mambo hayajaharibika. Kwa nini yenyewe haikufilisika? Pili, kama tatizo lilikuwa wafanyakazi na chama chao, ni nini hasa kilichobadilika Fremont kati ya 1982 na 1986?