Chombo kikikaribia kasi ya mwanga, cha kuogopwa ni mawe au gesi?

Mkazi wa Nyegezi:
Ndugu zangu, juzi usiku nilikuwa nikirudi kwa pikipiki kutoka Kirumba nikaingia katikati ya wingu la wadudu wa ziwani. Nilipopunguza mwendo walinitua mkononi bila hata kuwahisi, lakini nilipoongeza walinichapa usoni kama mchanga, nikalazimika kushusha kioo cha helmeti. Je, chombo kikienda Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, umbali wa miaka ya mwanga 4.24, kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, kitaangamizwa na mawe?

Mwalimu Mstaafu:
Mawe ni adimu mno kati ya nyota. Vumbi lililopo kwa kawaida halifiki hata maikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), nalo litakula uso wa chombo kama msasa. Ni kweli kwamba punje ya miligramu moja ingelipuka kama tani 130 za baruti ya TNT, lakini mimi naiogopa zaidi gesi ya haidrojeni, kwa sababu haikwepeki. Tukikadiria atomi moja kwa kila sentimita ya ujazo, kila sentimita ya mraba ya uso wa mbele itapigwa na atomi bilioni 30 kwa sekunde kwa saa ya duniani, na mara saba ya hizo kwa saa ya chomboni, ambayo kwa kasi hiyo huenda polepole, huku kila moja ikipenya kama mnururisho (mionzi) kutoka mtambo wa kuongeza kasi ya chembe.

Mama Ilemela:
Shikamoo Mwalimu. Haziwezi kukingwa kwa sumaku?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Atomi isiyo na chaji haisukumwi na sumaku. Ni lazima kwanza ing'olewe elektroni yake. Ukitumia maji kama ngao, utahitaji mita kadhaa, na kila mita ya unene ni tani nzima kwa kila mita ya mraba.

Fundi Mitumbwi:
Basi chombo kiwe chembamba, kikate njia kwa ncha. Mradi wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa 2016, ulikusudia vyombo vya gramu chache tu, visivyo na abiria, kwa asilimia 20 ya kasi ya mwanga. Kwa mwendo huo nishati ya kila atomi hupungua takriban mara 300, ingawa safari huchukua zaidi ya miaka 20.

Mkazi wa Nyegezi:
Nimeelewa, asanteni. Kumbe hata mimi ningepunguza mwendo tu.