Mrejesho: kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka

Wakuu, nilileta shida ya kompyuta ya mezani iliyogoma baada ya umeme kukatika na kurudi: ukibonyeza swichi, kimya, hata feni haistuki. Sasa imewaka, nawashukuru sana.

Kubadili waya wa umeme, kupangusa ramu (kadi za kumbukumbu) na kuweka betri mpya ya CR2032 (ile ndogo ya duara ya ndani) havikusaidia. Kilichosaidia ni ushauri wa kupima pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) kwa mita ya umeme kabla ya kununua chochote. Waya wake wa zambarau unatakiwa kutoa volti 5 muda wote ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama mashine imezimwa. Wangu ulitoa chini ya volti 3. Fundi alipoifungua tukaona kapasita (vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme) zimevimba vichwa, moja imevuja maji ya kahawia. (Msifungue wenyewe, umeme hubaki ndani hata ukishachomoa.) Nikafunga pawa saplai nyingine ya wati 450, ikawaka papo hapo.

Matundu ya USB ya mbele bado hayasomi flashi, ya nyuma yanasoma. Mafaili yote yapo. Mliosisitiza nipime kwanza, Mungu awabariki, mmeniokolea hela ya kununua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) bure.