Nyumbani wiki tatu, kazini nusu mwaka: nifanyeje nisiwe mgeni kwangu?

Mtengeneza Njia aliuliza:

Salaamu kwenu ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi za msimu. Kwa miezi mitano hivi hufanya kazi ya kutengeneza njia za miguu milimani, yaani kukata magogo yaliyoanguka, kupanga mawe na kuchimba mifereji ya kuondoa maji ya mvua. Kisha huvuka kwenda kuchuma matunda upande wa pili wa dunia, kwa sababu majira ya joto ya kaskazini huwa Juni hadi Agosti, na ya kusini huwa Desemba hadi Februari. Baina ya kazi hizo mbili hupita nyumbani kwa wiki mbili au tatu tu.

Safari iliyopita nilikaa siku kumi na tisa. Siku nne za mwanzo nililala mchana na kuamka saa kumi alfajiri, kama vile kengele ya kambi bado inanilia masikioni. Siku ya sita niligombana na mke wangu kwa jambo dogo mno, nalo ni mahali ambapo sahani zilikuwa zimehamishiwa. Lililoniumiza zaidi ni kwamba mwanangu wa miaka saba aliniomba ruhusa ya kwenda kucheza, nikamruhusu, kisha nikamwona anakwenda kumuuliza mama yake jambo lile lile. Siku zote hizo nguo zangu nilizitoa moja moja kwenye begi lililosimama kando ya mlango.

Sitafuti ushauri wa kuacha kazi. Ninaipenda, na mkataba wa msimu ujao nimekwisha kuutia saini. Ninachouliza ni hiki: ninyi mlioishi hivi kwa miaka mingi, ujio mfupi wa nyumbani mnaupangaje?

Mzee wa Kambi alijibu:

Ndugu, anza na begi. Mimi nilizima moto wa misituni kwa miaka mingi, na kosa langu lilikuwa hilo hilo, kwani nilidhani ninajirahisishia safari ya kurudi kazini, kumbe kila aliyepita mlangoni alisoma kwenye lile begi kwamba sijafika. Likifunguliwa siku ya kwanza, nguo zikaoshwa na begi likawekwa mahali lisipoonekana, nusu ya maneno unayotaka kuyasema yatakuwa yamesemwa.

La pili ni usingizi. Usiende nyumbani kupumzika. Nasema hivyo nikijua kwamba litakuudhi. Huko Marekani, vikosi vya moto wa misituni kwa kawaida hupangiwa siku 14 za kazi mfululizo bila kuhesabu siku za safari, na baada ya hapo askari hupewa siku za mapumziko, kwa sababu uchovu huo umeonekana kuwa ni hatari. Mtu wa kazi za njia hana anayempangia, kwa hiyo hana budi kujipangia mwenyewe. Mimi nilianza kutumia usiku mmoja au miwili njiani, mahali pa gharama ndogo, nikalala hadi nikachoka kulala, nikanyoa, ndipo nikapiga hodi. Siku mbili hizo zilipunguza hesabu ya siku zangu za nyumbani, lakini zilizobaki nilizitumia nikiwa macho.

Jambo la mwisho: siku ya kufika, taja siku ya kuondoka. Watu wa nyumbani huumia zaidi kwa kukisia kuliko kwa kujua.

Anayebaki Nyumbani alijibu:

Naomba nizungumze kwa niaba ya upande ambao hauandiki mara nyingi katika mijadala ya namna hii. Mume wangu ni mtu wa misimu kwa mwaka wa kumi na mbili sasa.

Shemeji, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hiyo kumkaripia mgeni mvivu, lakini mimi nimeiona kwa upande mwingine, kwamba anayepewa jembe ndiye aliyekubaliwa kuwa mwenyeji. Ukitaka usiwe mgeni, usingoje kupewa. Chukua jembe lililo wazi. Ila angalia ni jembe gani. Mume wangu alikuwa na desturi ya kufika na kuanza kurekebisha nyumba nzima, kuanzia ratiba ya watoto na mahali pa vyombo hadi namna ninavyotumia fedha, kana kwamba miezi sita yote tulikuwa tumekaa tukimngoja aje kutuonyesha. Sahani zako zilihamishwa kwa sababu kuna mtu aliyezitumia kila siku akaona pale palikuwa pabaya.

Kuhusu mtoto, usimchukulie kuwa amekudharau. Mtoto wa miaka saba anajua ni nani atakayekuwepo wiki ijayo kama ruhusa hiyo italeta matatizo. Usishindane na mama yake kwa kutoa ruhusa nyingi. Tafuta jambo moja ambalo ni la baba na mwana peke yao, liwe dogo, na liendelee hata ukiwa mbali. Kwetu ni hesabu za shule: kila Jumapili jioni, mtandao ukiwepo, mtoto humsomea baba yake swali moja lililomshinda, na mtandao usipopatikana swali huandikwa kwenye daftari likangoja. Baba anaporudi, daftari lile ndilo humpokea.

Nina lalamiko moja, na huenda likakuhusu. Ninyi huondoka mara mbili. Mara ya kwanza ni siku nne au tano kabla ya safari, pale mtu anapokaa nasi mezani huku akili yake iko kwenye viatu vya kazi, hali ya hewa ya huko na nani atakuwa msimamizi. Kuondoka huko kwa kwanza ndiko kunakotuchosha, kwa sababu hatuwezi kukuaga nawe upo. Nilimwomba mume wangu afungashe vitu vyote kwa jioni moja tu, ile ya mwisho, na yale maongezi ya simu na wenzake ayafanye saa moja kwa siku kisha ayamalize. Hakufaulu kila mara. Hata hivyo nilipunguziwa.

Msaidizi wa Kwanza alijibu:

Nafanya kazi ya huduma ya kwanza kwenye kambi za mashambani, na ningependa kuongeza jambo la mwili ambalo halijaguswa.

Mwili huchukua takribani siku 7 hadi 14 kuzoea kazi nzito kwenye joto kali: jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, nao moyo hupiga polepole kuliko siku za mwanzo. Mazoea hayo huanza kupungua baada ya wiki moja hivi ya kutokuwa kwenye joto, na baada ya mwezi mmoja sehemu kubwa huwa imetoweka. Maana yake ni kwamba anayekaa nyumbani wiki tatu kivulini anarudi kazini na ufundi wake wote, lakini mwili wake umesahau. Hao wazoefu ndio wanaonitia wasiwasi, kwa sababu hawakubali kuanza polepole mbele ya wageni. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, hupendekeza mfanyakazi mzoefu anayerudi afanye asilimia 50 ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, 60 siku ya pili, 80 siku ya tatu na yote siku ya nne. Mgeni kabisa huanza na asilimia 20.

Kwa hiyo ukiwa nyumbani usijifungie ndani. Fanya kazi ya jasho ya saa moja hivi nje kila siku, maji yakiwa karibu, na kama dada aliyetangulia anavyosema, chukua jembe lililo wazi. Mtoto anaweza kushika ncha ya pili ya kamba.

Mhesabu Miezi alijibu:

Wote wamezungumza vizuri, lakini naona wanapanga siku kumi na tisa bila kuuliza kwa nini ziwe kumi na tisa.

Sheria nyingi za kazi za msimu zenyewe hukulazimisha uondoke. Mpango wa Canada wa wafanyakazi wa mashambani, ulioanza mwaka 1966, huruhusu miezi isiyozidi 8 kwa mwaka. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 huiachia kila nchi mwanachama iweke ukomo wake kati ya miezi 5 na 9 katika kila miezi 12. Hapo sheria imekuachia walau miezi mitatu au minne, na anayeijaza kwa msimu wa pili upande mwingine wa dunia ni wewe. Sikulaumu, maana huenda fedha ndizo zinazokusukuma. Lakini fanya hesabu hii: chukua mapato ya msimu mmoja, uyagawanye kwa miezi 12 badala ya ile mitano uliyofanya kazi, kisha ulinganishe na matumizi ya nyumbani. Nilipoifanya mimi niligundua kwamba msimu wangu wa pili, baada ya nauli, ada za vibali na malazi, ulikuwa unaniachia fedha za wiki sita tu. Nikaanza kuuchelewesha kwa mwezi mmoja. Mwajiri alinung'unika mwaka wa kwanza, kisha akazoea, kwa sababu mchumaji asiyehitaji kufundishwa hapatikani kila siku.

Hujaambiwa uache kazi, ndugu. Umeambiwa upunguze mwezi.

Mtengeneza Njia alijibu:

Nawashukuru wote. Kwa shemeji wa upande wa pili, jambo la kuondoka mara mbili limenikaa, kwa kuwa nimekumbuka kwamba siku ya kumi na tano nilikuwa nimeshapaka viatu mafuta na kuviweka juani, na mwanangu aliviangalia bila kusema neno. Kwa Mhesabu Miezi, hesabu nimeifanya jana usiku nikiwa kambini, na matokeo yake sijayapenda, kwa hiyo nitairudia.

Nitafika nyumbani mwisho wa mwezi huu, baada ya kulala siku moja njiani. Siku ya kuondoka nimemtajia mke wangu leo kwenye simu. Hakusema lolote kuhusu tarehe. Aliuliza tu kama begi safari hii litaingia kabatini.