Tupeane uzoefu: mtoto aliyepotezana na wazazi, mnaanzia wapi?

Mwanzisha mada, Goma
Wenzangu mnaopokea watoto huku mashariki ya Congo, tuandike mbinu hapa. Fishi zetu nyingi, fomu za kumwandikisha mtoto, huuliza mradi unataka nini, na mtoto amekaa kando na njaa yake. Saa ya kwanza iwe ya maji, chakula, kidonda na usingizi. Kisha maswali, na majibu yaandikwe kwa maneno yake. Wa miaka 4 ukimuuliza anaishi wapi atasema "kwetu". Muulize wanateka maji wapi, mama anauza nini, nje ya nyumba kuna mawe meusi au udongo mwekundu. Hilo la mawe peke yake hutenganisha Goma, penye mawe meusi ya volkano, na vijiji vya vilimani.

Wa Ndosho
Volkano ya Nyiragongo hapa Goma ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, UNICEF ilitaja watoto zaidi ya 150 waliotengana na familia. Siku kama zile kosa kubwa ni kumpakia mtoto garini na kumpeleka mbali, kumbe mzazi yuko mji jirani wa Sake au ng'ambo ya mpaka, Gisenyi ya Rwanda, anamtafuta. Abaki karibu na alipookotwa, tangazo lipite redioni na makanisani. Ila msitangaze alama zote! Bakizeni mbili, kovu kwa mfano, za kumuulizia anayejiita mzazi. Halafu mtoto aulizwe peke yake kama anamtambua, na kama anataka kwenda.

Mlezi Kadutu
Kituo cha kulelea watoto kiwe mlango wa mwisho. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inataka walio chini ya miaka 3 walelewe ndani ya familia, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Kwetu Bukavu wanatenganishwa kwa sababu kituo ni cha wavulana tu, basi. Familia inayopokea isipewe unga wa mgeni peke yake: watoto wa nyumba wataanza kumchukia. Upewe nyumba nzima.

Parajirist
Kuna maibobo, watoto wa mtaani, ambao hawakupotea, walifukuzwa kwa kuitwa walozi. Sheria ya Congo ya kulinda mtoto, nambari 09/001 ya 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayemwita mtoto mlozi mwaka 1 hadi 3 jela. Lakini kumfunga shangazi hakumpi mtoto kitanda. Tafuteni neno lilianzia wapi: kifo nyumbani, au baba kuoa tena? Mkimrudisha kabla ya kulimaliza, atarudi mtaani, kule Birere. Ziara baada ya wiki 1, mwezi 1, miezi 3, na muende kwa miguu. Jipu yenye nembo ikisimama mlangoni, avenyu nzima itasema kuna pesa za dola.

Wa Ndosho
Na cheti cha kuzaliwa?

Parajirist
Siku 90 za kwanza tangu azaliwe ni bure. Zikipita, ni hukumu ya mahakama ya watoto, kwa hiyo ombi liingie mapema, msingoje mwaka wa shule.

Mlezi Kadutu
Mradi ukifungwa dosye, faili la mtoto, iende wapi? Wengine huiacha kabatini.

Mwanzisha mada, Goma
Ikabidhiwe kwa saini Divisheni ya Mambo ya Jamii, ofisi ya serikali, mwezi 1 kabla, na anayepokea aonane na mtoto uso kwa uso.