Acheni kuzima era (error) ya metodi zinazogongana kwa insteadof, mnatuua

Wakuu nimevurugwa leo kwa hiyo mtanivumilia nikipayuka.

Mnajua klasi ya PHP ikibeba treiti (trait, kifurushi cha metodi unachokibandika kwenye klasi) mbili zenye metodi ya jina moja, programu inagoma hapo hapo, haisogei mpaka uamue ipi ibaki. Mi naona hiyo ni heshima kubwa sana toka kwa lugha, inakwambia kuna ugomvi njoo usuluhishe. Sasa jamaa mmoja kwenye timu kakutana na hiyo era kafanya nini, kabandika insteadof (neno la PHP la kusema chukua metodi ya treiti hii badala ya ile), era ikapotea, kapandisha kodi (code) kaenda zake. Hata kufungua treiti zenyewe aone zinafanya nini hakufungua!

Iko hivi. Treiti ya kwanza ni ya kuhifadhi rekodi, ina hifadhi() ambayo kabla haijaandika chochote inaita $this->kagua(), yaani kagua() ya objekti yenyewe, na kagua() yake inarudisha true mambo yakiwa safi. Ya pili ni ya ruhusa, nayo ina kagua(), ila yenyewe inarudisha arei (orodha) ya makosa, ikiwa tupu ndo mambo safi. Jamaa akaipa ushindi ya pili. Haya, hifadhi() ikiita kagua() inampata nani? Ya ruhusa! Treiti ikishaingia kwenye klasi haina kwake tena, vyote vimemwagwa sehemu moja na $this ni ile ile. Na PHP arei tupu kwenye if inahesabika uongo, yenye vitu inahesabika kweli, kwa hiyo rekodi mbovu zikawa zinapita kifua mbele na nzuri zinakataliwa. Hakuna era, hakuna onyo, kimyaaa.

Namwambia ananijibu "si tunaweka as tu tunaipa jina lingine". Jamani as haibadilishi jina, INAONGEZA jina la pili, la kwanza liko pale pale linaendelea kugombana ndo maana insteadof bado unaihitaji. Na hata ukiiita kaguaRekodi, hifadhi() inaendelea kuita kagua, nani kaiambia kuna jina jipya? Moose, maktaba ya klasi ya Perl, ni yale yale, -alias (ndo as yao) bila -excludes (ya kuacha metodi nje) hujaondoa kitu.

Kama metodi mbili zinaelewana unaandika ya kwako kwenye klasi, ya klasi inashinda za treiti bila kelele, ndani yake unaziita zote kwa majina ya as unaamua mwenyewe. Zisipoelewana kama hizi hakuna ujanja, fungua treiti ubadili jina kote linapoitwa au ukaguzi wa ruhusa utoke uwe objekti inayojitegemea. Ni kazi ndio, ila si ndo kazi tunayolipwa.

Na wale wa "hamia Ruby" kaeni kwanza. Ruby moduli uliyoinclude mwisho ndo inashinda, Python klasi mama iliyotangulia kushoto ndo inashinda, na hakuna anayekuuliza. Moose ukiweka roli (role, ndo treiti zao) zote kwenye with moja, yaani mstari wa kuzibeba, inakugomea vizuri tu, ukizigawa with mbili ya kwanza inabaki ya pili inamezwa kimya, na nimeona watu wazima wanazigawa MAKUSUDI ili wasisumbuliwe. Schärli na wenzake walioandika kuhusu treiti mwaka 2003 walisema kabisa mpangilio usiwe na maana na mgongano uamuliwe waziwazi, sisi tunarudi kule kule kwa hiari yetu.

Kinachoniuma zaidi testi zote zilikuwa kijani, yaani zinapita, sababu kila treiti ilipimwa peke yake kwenye klasi ya majaribio ambako hakuna wa kugombana naye. Sasa nyie mnapimaje klasi ikiwa imeshabeba zote bila kunakili testi za kila treiti upya? Mwenye njia aseme, na asinijibu mtu "tumia as".