Dari ina doa, ufa na imeshuka: skimu na rangi, kuvua yote, au kufunika kwa PVC?

Mjukuu wa Seremala

Wakuu, habari za majukumu. Dari yangu ni ya jipsamu bodi na kila chumba kina shida yake. Sebuleni kuna doa la kahawia, pembeni limezungukwa na mstari mweusi zaidi. Chumba cha kulala kuna ufa mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba cha watoto bodi imeshuka katikati. Ukisimama mlangoni unaona tumbo.

Nimeita mafundi watatu. Mmoja anataka apige skimu (tabaka jembamba la kulainisha) na rangi nyumba nzima. Wa pili anasema tuvue yote. Wa tatu anasema zilizopo zibaki, afunike kwa PVC (vipande vya plastiki) juu yake. Ipi inadumu?

Fundi Kenchi

Mkuu, una magonjwa matatu, na kila fundi anakuuzia dawa moja kwa yote. Usikubali.

Anza na doa, kwa sababu ndilo linalokula nyumba. Mstari ule mweusi wa pembeni ni alama ya maji yaliyofika, yakakauka, yakarudi tena. Chukua penseli, zungushia ukingo wa doa, andika tarehe. Mvua ikinyesha na doa likavuka mstari wako, shida iko kwenye paa. Likikua hata kiangazi, tafuta bomba au tangi. Likiwa ni vidoa vidoa vilivyopangana kufuata misumari, na vinatokea asubuhi za baridi, huo ni mvuke wa ndani unaogandia penye ubaridi. Hapo dawa ni hewa kupita juu ya dari.

Na usitoboe paa hapo juu ya doa ukidhani ndipo panapovuja. Maji yakiingia kwenye tundu la msumari hutambaa chini ya bati, hushika ubao wa kenchi (mbao zinazobeba paa), hufuata mteremko, na hudondoka mita kadhaa mbali. Panda darini na tochi mchana, zima tochi kwanza: mwanga wa jua utakuonyesha matundu. Usipoona kitu, mtu mmoja abaki darini, mwingine amwage maji ya mpira kwenye paa, aanzie chini, apande taratibu hatua kwa hatua. Akianzia juu, maji yanateremka kote na hamtajua yameingilia wapi. Mara nyingi ni wosha za mpira za misumari ya bati zilizokauka na kupasuka, au maungio ya bati na ukuta.

Mama Pendo

Naongezea kwa Fundi. Kuvuja kukishakwisha na bodi ikakauka kabisa, doa usilipake rangi ya maji moja kwa moja. Ule ukahawia unayeyuka kwenye maji na kupenya, ndani ya siku chache unauona tena. Paka kwanza praima (rangi ya msingi) ya mafuta inayozuia madoa, iache ikauke, kisha ndipo rangi yako ya kawaida. Hapo ndipo wazo la fundi wa kwanza lina maana, lakini kwa chumba kimoja tu.

Kabla ya yote, bonyeza doa kwa kidole gumba. Likibonyea, hiyo bodi imekufa. Jipsamu ikishalainika kwa maji hairudishi nguvu yake hata ikikauka.

Zege Tupu

Kwa wasomaji wenye dari ya zege yenye lipu, mambo ni tofauti kidogo. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Panapolia kwa sauti nzito pako sawa, panapolia utupu lipu imeachana na zege na itaanguka siku moja, pengine juu ya kitanda. Bomoa sehemu hiyo yote mpaka ufike panapolia vizuri, ndipo upige lipu upya.

Ukiona ufa ulionyooka wenye kutu, au nondo zimechungulia, usizibe juu juu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo inavimba na kusukuma zege nje. Ukiziba, kiraka kitasukumwa tena. Inabidi kuchimba mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu, kupaka kinga, ndipo uzibe kwa mota (mchanganyiko wa saruji) ya kukarabati zege. Kama nondo imeliwa sana, mwite mhandisi.

Nyumba Kwetu

Mimi nitamtetea kidogo fundi wa tatu. PVC ni nyepesi, haiozi, inafutika kwa kitambaa, na jikoni au bafuni haina mpinzani.

Fundi Kenchi

> jikoni au bafuni haina mpinzani

Bafuni nakubali, ndugu. Jikoni iwe mbali na moto, kwa sababu PVC hulainika kwa joto na ikiungua moshi wake ni sumu. Ninachopinga ni kuifunga chini ya dari inayovuja au iliyoshuka. Unaficha doa, maji yanaendelea kuozesha mbao huku wewe huoni chochote. Na ile bodi iliyoshuka bado inaning'inia humo ndani. Jipsamu ya milimita 12.5 ina takriban kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Uzito huo hautabebwa na PVC.

Dada wa Rula

Tumesahau ufa. Uliyeuliza, ufa ulionyooka ni muungano wa bodi mbili. Ama hapakuwekwa mkanda wa kufunika muungano, ama mkanda umebanduka. Skimu peke yake itapasuka palepale.

Kwangua muungano uwe na umbo la V, futa vumbi, kisha chagua mkanda. Wa karatasi ni imara zaidi kwenye muungano bapa, ila unahitaji ustadi: unapaka puti (kizibio laini cha kujazia), unalaza mkanda, unaukandamiza kwa mwiko mpana mpaka puti ya ziada itoke pembeni bila kuacha mapovu. Wa nyuzi unajinata wenyewe na ni rahisi kwa asiyezoea, lakini mkono (tabaka) wa kwanza utumie puti ya unga inayoganda yenyewe, si ile ya ndoo inayosubiri kukauka. Kisha mikono mitatu ya puti, kila mmoja mpana kuliko uliotangulia, ili usione mwinuko taa ikiwashwa.

Ufa ukiwa umekwenda mshazari na kuteremka ukutani, au ukiingiza sarafu, hapo nyumba ndiyo inayosogea, acha puti. Na ufa wa pale dari inapokutana na ukuta, unaofunguka na kufunga kwa misimu, jaza silanti (kizibio kinachonyumbuka) ya akriliki. Silikoni haishiki rangi.

Mama Pendo

Jambo moja la usalama. Kama nyumba ni ya zamani na dari ni ya shiti ngumu za saruji au ina rangi ya vinundu vinundu, usipige msasa wala drili kabla haijapimwa asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi). Uingereza waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, lakini zilizokwisha kufungwa bado zipo majumbani. Vumbi lake husababisha saratani. Ikiwa nzima, isiguswe.

Mjukuu wa Seremala

Nawashukuru sana wakuu. Nimepanda darini. Juu ya sebule kuna wosha mbili zimepasuka na njia ya maji inaonekana kwenye ubao. Chumba cha watoto pakavu kabisa, bodi ngumu, ila mbao za kushikia zimeachana sentimita 75 na bodi ni ya milimita 9, tena imepigwa misumari. Nivue?

Fundi Kenchi

Hapana, kama ni kavu na haijapasuka. Tatizo ni mbao zilizoachana mno. Kwa bodi nyembamba hivyo sentimita 40 ndiyo salama. Tengeneza nguzo mbili za umbo la T, ziwe ndefu kidogo kuliko kimo cha chumba, uinue tumbo polepole, leo kidogo, kesho kidogo. Ukiharakisha bodi itavunjika. Ikinyooka, darini ongeza mbao katikati ya zile za zamani, kisha funga skrubu kila sentimita 20. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu, kisipasue karatasi ya bodi, maana karatasi ndiyo inayoshika. Msumari uliochomoza usiurudishe kwa nyundo. Weka skrubu mpya sentimita 5 pembeni, kisha ung'oe ule.

Sebuleni badilisha wosha, subiri mvua mbili tatu zipite, mstari wako wa penseli ukiwa haujavukwa, ndipo ununue praima.